Propu za filamu: za kutazama au za kuvaa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wakusanyaji wa Kisumu, Nakuru na Magharibi mwa Kenya

Wakusanyaji wa replika za filamu (nakala za propu, yaani vifaa na mavazi yanayoonekana kwenye filamu) wa huku kwetu wakikutana, ubishi ni uleule. Upande mmoja wamo watu wa kabati, ambao kwao propu ni ya kukaa nyuma ya kioo na kupanguswa kwa kitambaa laini. Upande wa pili wamo watu wa kuvaa, wanaosema helmeti isiyoingia kichwani ni bakuli lililopakwa rangi. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara. Majibu yana upendeleo wangu na sijaribu kuuficha.

Tofauti yake hasa ni nini? Mbona kwenye picha zinafanana?

Igeuze uangalie ndani. Helmeti ya kutazama ndani huwa mbichi: resini (plastiki ya maji inayoganda) imeachwa ilivyoganda, kingo zinakwaruza, matone ya gundi yamekaukia yalipoangukia, na hakuna mahali pa kufunga mkanda. Ya kuvaa ina sponji, ina tundu za hewa ambazo kweli zimetoboka, na miwani yake inapitisha mwanga. Kwenye picha ya mbele huoni hata kimoja cha hivyo, na muuzaji anajua.

Kwa upanga tofauti imefichwa zaidi. Panga nyingi za ukutani ni za chuma cha pua, na ulimi wa chuma unaoingia kwenye mpini ni mwembamba, mara nyingine umeungwa kwa welding. Muungo huo unatosha kuubeba upanga ukiwa umetulia kwenye misumari yake. Ukianza kuuzungusha, unaweza kukatika na ubapa ukaruka, na hauchagui umsimamie nani.

Ipi iko karibu zaidi na filamu yenyewe?

Hapa ndipo sauti zinapopanda. Watu wa kabati hudai kwamba replika yao, iliyonyooka na kung'arishwa, ndiyo ya kweli. Sikubaliani nao.

Chukua helmeti nyeupe za askari wa Star Wars, filamu iliyopigwa 1976 na kutoka 1977. Plastiki ilipashwa moto ikalegea, ikanyonywa kwa pampu ya hewa hadi ikashika umbo, kisha ikakatwa na kuunganishwa kwa mikono. Pande zake mbili hazilingani, na alama ndogo zilipakwa kwa brashi. Tena hazikuwa za aina moja. Chache zilikuwa za plastiki ya ABS, na miwani yake imebinuka kwa nje. Hizo ni za waigizaji wakuu, ambao kamera ingewasogelea. Nyingi zilikuwa za plastiki ya aina nyingine iliyopakwa rangi nyeupe, miwani bapa, kwa ajili ya kundi la askari wengine. Uso wa barakoa ya Darth Vader, yule adui mkuu wa filamu hiyohiyo, nao haulingani kushoto na kulia, na si mweusi mtupu: sehemu zake zimepakwa kijivu cha chuma. Mtu aliyezoea replika za dukani akioneshwa nakala sahihi ya ule uso wa 1977, jambo la kwanza atakalosema ni kwamba fundi ameharibu.

Kwa hiyo kilichoonekana kwenye skrini kilikuwa kitu cha kuvaliwa: chepesi, cha haraka, chenye kasoro. Replika nyingi za kabati zimenyooshwa kwa kompyuta mpaka zikawa nzuri kuliko zile za asili. Ni nzuri kweli, ila zisiitwe sahihi.

Na watengenezaji wa filamu wenyewe hawakujisumbua na ubishi huu. Huwa wanatengeneza kipande kimoja chenye kila nakshi, cha kusogelewa na kamera, na vingine vya mpira au plastiki nyepesi vya kupigana na kuanguka navyo. Walipojaribu kulazimisha kitu kimoja, mwili uliteseka. Michael Keaton katika Batman ya 1989 hakuweza kugeuza shingo, kwa kuwa barakoa na mabega vilikuwa kipande kimoja cha mpira mzito. Akitaka kutazama pembeni aligeuka mwili mzima. Ilichukua hadi The Dark Knight, 2008, kofia kutenganishwa na mwili ili Batman apate shingo.

Basi ya kwanza ninunue ipi?

Helmeti ya kwanza iwe ya kuvaa. Upanga wa kwanza uwe wa kutazama.

Helmeti usiyoweza kuvaa utaichoka, kwa sababu utamu wake ni kuona dunia kupitia miwani ileile na kusikia pumzi yako mwenyewe. Upanga ni kinyume: raha yake iko kwenye nakshi ya mpini na mng'ao wa chuma, na huna mahali pa kwenda nao. Jaribu kupanda matatu ya Kondele na upanga wa sentimita mia moja uone kama makanga atakuuliza jina la filamu.

Lililo muhimu ni kuamua kabla ya kulipa. Ukubwa, malighafi na umbo la ndani huamuliwa siku ya kwanza. Kubadilisha baadaye kunawezekana, lakini mara nyingi kunakula pesa ambazo zingekununulia ya pili.

Nina rasta. Helmeti itaingia?

Ya kutazama haitaingia, sahau. Nyingi zimepimwa kwa kichwa cha sanamu, na sanamu hana nywele. Watu wenye rasta, afro, kilemba au mtandio hupoteza pesa kwa sababu wanapima kichwa na kusahau nywele.

Pima hivi. Tandika nywele kama zitakavyokuwa siku yenyewe. Zungusha futi ya fundi cherehani juu ya nyusi na juu ya masikio. Hicho ni kipimo cha kwanza. Cha pili, ambacho wengi hukiruka, ni kutoka ncha ya pua hadi sehemu ya kisogo iliyochomoza zaidi, kwa mstari ulionyooka. Shingo ya helmeti, yaani tundu la chini la kuingizia kichwa, ni nyembamba kuliko tumbo lake, na pua na kisogo lazima vipite hapo kwa wakati mmoja. Muulize muuzaji upana wa shingo hiyo. Akikujibu "inatosha watu wote", mwambie akutumie picha ya helmeti ikiwa na rula kwenye shingo hiyo. Asipotuma, umeshajibiwa.

Kama vipimo havikubali, tafuta helmeti iliyokatwa vipande viwili, mbele na nyuma, inayoshikana kwa sumaku. Mstari wa muungo utaonekana kidogo. Ishi nao.

Kisumu kuna joto. Watu huvaaje?

Kwa muda mfupi, na kwa feni. Feni ndogo mbili za kompyuta zinazotumia volti 5, waya wa USB, na pawabanki mfukoni. Moja inyonye hewa ya nje kuileta mdomoni, nyingine itoe ya joto kwa nyuma. Ukiweka zote ziingize hewa tu, miwani itapata ukungu vilevile, kwa sababu pumzi haina pa kutokea. Sabuni ya maji ya vyombo, tone moja likisuguliwa ndani ya miwani na kufutwa likiwa kavu, husaidia kwa saa moja hivi. Ndani ya helmeti usivae kofia ya sufu; kitambaa chembamba cha pamba kinatosha.

Tembea na mtu. Helmeti nyingi hazikuoneshi miguu yako, na mitaro ya Oginga Odinga Street haina subira.

Kwa Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, hali ni ya afadhali. Kisumu iko karibu mita 1,130 na unyevu wa ziwa juu yake.

Niliambiwa helmeti iliyochapwa kwa mashine ya 3D huyeyuka. Ni kweli?

Haiyeyuki, inalegea, na kwa mwenye helmeti matokeo ni yaleyale. Nyingi huchapwa kwa plastiki ya PLA, ambayo huanza kulegea karibu nyuzi 60 za Selsiasi. Ndani ya gari lililofungwa vioo juani, juu ya dashibodi, joto hilo linafikika bila shida. PETG huvumilia hadi karibu 80, na ABS hupita 100. Ya kukaa kabatini, PLA inatosha na ni rahisi kupiga msasa. Ya kuvaa na kusafiri nayo, lipa zaidi upate PETG au ABS. Muulize fundi anatumia ipi kabla hajawasha mashine, kwa maana baada ya rangi zote zinafanana.

Nataka taji la Malkia Ramonda. Nichape la kuvaa?

Tangu Kisumu ifanyiwe uzinduzi wa Black Panther Februari 2018, kwa heshima ya Lupita Nyong'o ambaye huku ni binti wa nyumbani, vipande vya Wakanda, nchi ya kubuni ya filamu hiyo, ndivyo vinavyoulizwa zaidi kuliko hata roboti na watu wa angani.

Taji lile, alilolivaa Angela Bassett, lina umbo la isicholo, kofia ya wanawake wa Kizulu walioolewa. Mbunifu Julia Koerner alilifanyia kazi pamoja na Ruth E. Carter, ambaye mavazi ya filamu hiyo yalimpa Oscar mwaka 2019. Lilichapwa kwa unga wa nailoni unaounganishwa kwa leza, tabaka kwa tabaka. Nailoni ile hujikunja kidogo na kurudi, ndiyo maana matundu yale membamba hayakuvunjika kichwani. Mashine za kawaida za hapa huchapa kwa uzi wa PLA, na matundu kama hayo kwa PLA ni makavu: likidondoka mara moja, unaokota vipande. Kwa hiyo lichape la kutazama. Ukitaka la kuvaa kwenye harusi au tamasha, agiza uchapaji wa nailoni, au mpe kazi msusi wa vikapu anayeelewa mchoro. Hilo la pili mimi ndilo ningelifanya.

Kabati la vioo lina faida gani zaidi ya urembo? Vumbi nitapangusa mwenyewe.

Vumbi ni adui mdogo. Anayeishi karibu na ziwa anawajua wale wadudu wadogo wanaokuja kwa mawingu na kuifuata taa. Ukiweka taa za LED ndani ya kabati lenye nafasi milangoni, asubuhi utakuta rundo lao juu ya mabega ya Darth Vader, na wakipondwa kwenye rangi isiyong'aa huacha doa la mafuta. Bandika ukanda wa sponji kwenye milango yote, na taa izimwe dirisha likiwa wazi usiku.

Jua ndilo linalofuata. ABS nyeupe ikipigwa na jua kila alasiri hugeuka manjano, na hakuna kuosha kutakakoirudisha. Dirisha linalotazama magharibi, kule ziwani, lina mandhari nzuri na ni mahali pabaya pa helmeti.

Kisha unyevu. Kakamega na Kisii ngozi huota ukungu kwenye kona za chumba kisichopata hewa. Sponji na soli za poliyurethani zina ugonjwa wao: unyevu huzivunja kutoka ndani, na baada ya miaka kadhaa unabonyeza kwa kidole unabaki na unga wa kunata. Si lazima ziwe zimevaliwa. Zinaoza zikiwa zimekaa. Watu wa kabati hawapendi kusikia hili, kwamba kutokugusa hakuhifadhi kila kitu. Badilisha sponji ya ndani uweke EVA, lile povu la soli za viatu, mapema, kabla haijaanza kubomoka. Barakoa za mpira wa povu ndizo mbaya zaidi. Hata studio zenyewe zimezishuhudia zikikauka na kupasuka.

Na toa betri. Betri za kawaida zikisahaulika huvuja, na maji yake hula vichuma vya taa.

Fundi wa jua kali anaweza kunitengenezea?

Anaweza, ukimpelekea sehemu anayoijua. Usimpe helmeti nzima fundi mmoja.

Wanaotengeneza bampa na spoila za matatu wanaifahamu faibaglasi kuliko mtu yeyote kwenye vikundi vyetu: umbo, nta, tabaka la kwanza, kitambaa, resini. Wapaka rangi za matatu wanajua kuchora kivuli na kutu ya bandia kwa bomba la rangi. Mafundi wa viatu wa soko la Kibuye, Kisumu, wana EVA ya soli na gundi yake, na mkono wao ukikata pembe ya nyuzi 45 hautetemeki. Nilimtazama mmoja akipachika sponji ndani ya helmeti ya rafiki yangu. Hakupima. Aliivalisha ngumi yake, akaizungusha mara mbili kusikia inapogusa, akakata vipande vitatu vya umbo la mwezi mchanga, akapaka gundi pande zote mbili, akasubiri hadi ikaacha kunata kidoleni, ndipo akabandika. Helmeti ile haichezi hadi leo.

Nakuru ina jina lake katika haya: UNESCO iliitambua 2021 kuwa mji mbunifu katika ufundi wa mikono na sanaa za jadi. Kwa sanamu za mabega na vichwa vya kusimamishia helmeti, wachongaji wa mawe wa Tabaka kule Kisii hawana mpinzani, ila kumbuka kabati lako litabeba jiwe.

Faibaglasi ikipigwa msasa, vaa barakoa ya vumbi ya kweli na mikono mirefu. Ndani ya helmeti ya kuvaa paka tabaka la kufunika nyuzi, la sivyo shingo itakuwasha siku nzima.

Naweza kuivaa kwenye boda boda? Si ni helmeti?

Hapana. Haijapita kipimo chochote cha kofia za pikipiki, haina tabaka la kunyonya kishindo, na resini ikipasuka hutoa ncha. Inakuzuia pia kuona pembeni. Iweke kwenye begi, uvae ya kawaida.

Polisi je?

Helmeti na silaha za angani zenye rangi za ajabu hazijaleta shida kubwa. Shida iko kwenye mambo matatu. La kwanza ni bunduki zinazofanana na za kweli. Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, inaigusa hata silaha bandia ikitumiwa kwa nia ya uhalifu, na afisa aliye mita thelathini hawezi kujua nia yako wala plastiki yako. Isafirishwe ndani ya sanduku, na itolewe ndani ya ukumbi tu. La pili ni nguo za madoadoa ya kijeshi: raia kuvaa sare za majeshi bila idhini ni kosa, na kusema ni ya filamu ya Marekani hakutakuokoa pale barabarani. La tatu ni panga zenye makali.

Hapa watu wa kabati wako sahihi kabisa. Kuna propu ambazo nchini kwetu mahali pake ni ukutani.

Kuagiza kutoka nje kunagharimu kiasi gani?

Zaidi ya unavyofikiri, na si kwa sababu ya ushuru peke yake. Kampuni za usafirishaji hutoza kwa ujazo. Kanuni ya kawaida ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, ugawe kwa 5,000. Sanduku la sentimita 40 kila upande linahesabiwa kilo 12.8, hata kama helmeti iliyo ndani ina kilo moja na nusu. Juu yake ongeza ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16 na tozo nyingine za uagizaji. Helmeti za vipande viwili huwekwa kimoja ndani ya kingine, sanduku linapungua. Hiyo ni sababu nyingine ya kuzipenda.

Nikiivaa, bei itashuka?

Itashuka. Jasho, mikwaruzo ya ndani na sanduku lililopotea vyote hukatwa kwenye bei. Lakini angalia kinacholipiwa pesa kubwa duniani. Desemba 2024 jozi ya viatu vyekundu vya The Wizard of Oz, filamu ya 1939, iliuzwa Marekani kwa dola milioni 32.5 pamoja na ada za mnada. Jozi hiyo iliibwa 2005 kwenye jumba la makumbusho kule Minnesota na kupatikana 2018. Ni viatu vilivyovaliwa kazini. Baadhi ya jozi za filamu ile zilibandikwa felti chini ili kishindo cha kucheza kisisikike. Kwa kitu cha asili, alama za kuvaliwa ndizo thamani. Kwa replika, alama ni zako wewe, na mnunuzi hakujui.

Aliyenunua kama akiba aache kabisa kuivaa. Mimi sioni replika kama akiba.

Nikitengeneza zangu na kuuza ni halali?

Wengi hutaja kesi ya Uingereza. Andrew Ainsworth, aliyetengeneza zile helmeti nyeupe za 1976, alianza kuziuza tena, Lucasfilm, kampuni iliyotengeneza Star Wars, wakamshtaki. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba helmeti ile si sanamu ya sanaa, ilikuwa kifaa cha kutengenezea filamu, kwa hiyo haikulindwa kule kama sanamu. Kwa maneno mengine majaji waliuamua ubishi wetu kwa upande wa kuvaa! Lakini uamuzi huohuo ulisema anaweza kushtakiwa Uingereza kwa kuvunja hakimiliki ya Marekani, na kule Marekani alikuwa tayari ameshindwa. Kenya tuna Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na hukumu ya London haikukingi. Ya kwako mwenyewe, tengeneza. Ukifungua duka, muone wakili.

Vipi mavazi ya jando ya kwetu, kama yale ya Watiriki yanayoficha uso?

Si propu. Usiyanakili, usiyaweke kabatini.

Nina ya kutazama tayari. Naweza kuigeuza iwe ya kuvaa?

Kama kichwa kinapita, ndiyo. Piga msasa kingo zote za ndani, paka tabaka la kufunika, toboa hewa sehemu ambazo kwa nje ni nyeusi ili tundu zisionekane, kisha mpelekee fundi wa viatu. Miwani iliyopakwa rangi itolewe, uweke kipande cha plastiki ya kinga ya kuchomelea iliyokolea kiasi. Kama kichwa hakipiti, usikate nyuma. Uza, ununue nyingine.

Watoto wa dada wanakuja Krismasi. Nifanyeje?

Funga kabati, ficha ufunguo, na uwe na helmeti moja ya EVA ambayo ni yao. Ni nyepesi, haina ncha, na ikikanyagwa hurudi. Kabla ya kuwapa, kagua sumaku. Zile ndogo zenye nguvu zinazoshikilia vipande viwili hung'oka kwenye gundi, na mtoto akimeza mbili huvutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Ukishuku amemeza, nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama anacheza vizuri.